Roboti ya Sikio na Masikio ya Kilimanjaro

Neva inayomwezesha mtu kutabasamu, kufumba jicho na kupiga mluzi hupita ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio. Huingia mfupani kutoka upande wa ubongo, hujikunja mara mbili, kisha hutokea chini ya sikio na kutawanyika usoni. Karibu yake hupita neva nyingine, nyembamba zaidi, inayobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi. Kati ya neva hizo mbili kuna nafasi ya milimita mbili na nusu hivi, na kwa watu wengine hata hiyo haifiki. Daktari bingwa wa masikio anayetaka kuifikia koklea, kile kiungo kilichojisokota ambacho hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa za neva, hupitisha drili katika nafasi hiyo. Akikosea upande mmoja, mgonjwa huamka uso umepinda. Akikosea upande wa pili, sehemu ya mbele ya ulimi, upande mmoja, hupoteza ladha.

Kwa njia ya kawaida daktari hulimaliza jambo hili kwa hadubini, subira na maji. Huchimba mfupa taratibu huku maji yakimwagika ili usichemke na mpira wa kufyonza ukiondoa unga wa mfupa. Anapoikaribia neva hubadilisha kichwa cha drili, huweka cha almasi kinachosaga badala ya kukata, na huendelea mpaka mfupa unabaki mwembamba kama ganda la yai na kivuli cha neva kinaonekana kwa chini. Hapo ndipo ufundi wa mkono unapopimwa. Mkono wa binadamu, hata ulio bora, hutetemeka kwa kiasi ambacho hakina maana ukishika jembe, lakini kina maana kubwa ndani ya milimita mbili na nusu.

Wahandisi wa vifaa tiba wamelipenda sikio kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo huzungumzwa kidogo: mfupa hausogei. Moyo hudunda, ini hubonyea, ubongo huhama kidogo fuvu linapofunguliwa. Mfupa wa sikio ulioonekana kwenye picha ya CT-Scan asubuhi ndio huohuo utakaokuwa mezani mchana. Kompyuta ikishajua kichwa kimelala vipi, inaweza kuamini ramani iliyonayo. Na si mara ya kwanza sikio kutangulia. Mwaka 1921 huko Stockholm, Carl-Olof Nylén alitumia hadubini katika upasuaji wa sikio kabla ya tawi lingine lolote la upasuaji kufikiria hivyo. Madaktari wa macho na wa ubongo walifuata baadaye.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Mhandisi Stefan Weber na daktari Marco Caversaccio, pamoja na wenzao, walifanya upasuaji wa kwanza wa aina yao kwa mgonjwa mwaka 2016 na kuuchapisha mwaka 2017. Skrubu ndogo hufungwa nyuma ya sikio ziwe alama. Mgonjwa hupigwa picha, programu huzichora neva na koklea, na daktari huchagua njia moja iliyonyooka kutoka ngozini hadi sikio la kati. Mkono wa roboti hutoboa njia hiyo kwa drili ya kipenyo cha milimita 1.8. Kabla ya kupita kati ya zile neva mbili husimama, picha nyingine hupigwa, na daktari huamua kama safari iendelee. Wakati huohuo mashine hujihakiki kwa njia mbili zaidi. Huituma neva ya uso umeme kidogo kupima iko umbali gani, na hulinganisha nguvu inayoihisi kwenye drili na ugumu wa mfupa ulioonekana pichani: mfupa ukiwa mgumu mahali ambapo picha ilisema utakuwa laini, basi drili haipo pale inapodhani ipo.

Kinachonivutia katika kazi hiyo ni ule utaratibu wa kutojiamini, kuliko mkono wa chuma wenyewe. Wahandisi wa Bern hawakutegemea kipimo kimoja. Walijenga mashine inayojiuliza mara tatu kabla ya kupita penye hatari, na tena walimwachia daktari kazi ya kuuingiza waya wa elektrodi ndani ya koklea kwa mkono wake.

Wengine walilivamia tatizo kutoka pembe tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, Robert Labadie na wahandisi wenzake walitengeneza fremu ndogo inayofungwa kwenye fuvu la mgonjwa mmoja mmoja na kuielekeza drili kwenye njia iliyopangwa. Matokeo ya wagonjwa tisa wa mwanzo yalichapishwa mwaka 2014. Mgonjwa mmoja alipata udhaifu wa uso ingawa drili haikuigusa neva. Joto ndilo lililomdhuru. Njia nyembamba ilikuwa imeyanyima maji nafasi ya kufika kwenye ncha, na neva ikaungua kwa mbali. Tukio hilo liliwafundisha wahandisi kwamba usahihi wa mahali hautoshi. Lazima kasi, mapumziko na umbo la drili navyo vihesabiwe. Birmingham, Uingereza, timu ya Peter Brett ilikuwa imeshatengeneza drili inayopima nguvu na msokoto, ikatambua dalili kwamba mfupa unakaribia kutoboka, ikasimama kabla ya kuuchana utando laini ulio chini yake. Wafaransa wakaleta RobOtol, mkono unaoendeshwa na daktari mwenyewe ambao hupunguza mtetemeko na unaweza kushika endoskopi. Iowa, Marekani, wakajifunga kwenye jambo moja tu: kuusukuma waya wa elektrodi polepole kuliko mkono unavyoweza, sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde, ili usikivu kidogo aliobaki nao mgonjwa usiharibiwe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikiruhusu kifaa hicho mwaka 2021.

Mashine hizi huwekwa kwenye fungu moja na kuitwa roboti za sikio. Ukizitazama vizuri, kila moja inajibu swali lake. Moja inauliza njia ipite wapi, nyingine inauliza mfupa utatoboka lini, nyingine mkono usitetemeke vipi, nyingine waya uingie kwa kasi gani. Tofauti hiyo ndiyo itakayotusaidia tukifika Moshi, mkoani Kilimanjaro, kwa sababu Moshi haina haja sawa na majibu yote manne.

Roboti ya namna hiyo haipo Moshi. Ipo Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya masikio, pua na koo inayopokea wagonjwa wa mkoa wa Kilimanjaro na wa mikoa mingine ya kanda ya kaskazini. Wagonjwa hawafiki hapo moja kwa moja. Mtoto wa Rombo huanzia zahanati, akapelekwa Hospitali ya Huruma. Wa Kibosho na wa Kilema wana hospitali zao za misheni. Wa Moshi mjini huenda Hospitali ya Mawenzi. Anayefika meza ya bingwa wa masikio KCMC mara nyingi amepita milango kadhaa, na sikio lake limekuwa likitoa usaha kwa miaka.

Ndiyo, usaha. Ukitaka kujua kazi kubwa ya upasuaji wa masikio katika nchi yetu, usianzie kwenye koklea. Anzia kwenye sikio la kati lililooza polepole. Mtoto hupata mafua, labda katika baridi ya Juni na Julai ambapo ukungu hukaa kwenye vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba, hadi saa nne asubuhi. Maambukizi hupanda kutoka kooni hadi sikio la kati, kiwambo cha sikio hutoboka, usaha hutoka, maumivu hupungua, na mzazi hupumua. Kupungua kwa maumivu ndiko kunakodanganya. Tundu lisipofunga, kila maji ya kuoga na kila mafua mapya huamsha ugonjwa. Sikio likitoa usaha kwa wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa sugu. Vifupa vitatu vinavyopokezana sauti, yaani nyundo, fuawe na kikuku, huanza kulika. Kwa baadhi ya wagonjwa ngozi ya nje hujipenyeza ndani na kuota mahali isipotakiwa, ikatengeneza kolesteatoma, uvimbe mweupe unaokula mfupa hadi kuifikia neva ya uso, koklea, au sakafu ya ubongo. Watu hufa kwa jipu la ubongo lililoanzia kwenye sikio.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliwachunguza watoto wa shule katika wilaya za Moshi na Monduli, ukapima magonjwa ya sikio la kati na upungufu wa usikivu. Miaka thelathini imepita. Tiba ya ngazi ya zahanati inajulikana na ni rahisi: muuguzi humwonyesha mama jinsi ya kusokota utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, auingize sikioni, auache ulowe, autoe, aweke mwingine, hadi utambi utoke mkavu, mara tatu kwa siku, kisha adondoshe dawa ya matone kwa wiki mbili. Matone yasipowekwa kwenye sikio lililokaushwa huelea juu ya usaha na hayafiki penye ugonjwa. Mama aliyeelekezwa hivyo kwa dakika kumi anaweza kuokoa usikivu wa mwanawe. Mama aliyepewa karatasi ya dawa bila maelezo huenda akarudi kwenye mafuta ya moto au maji ya majani, na hapo tundu dogo hukua.

Kuna wanaosema kwamba penye utambi hapana haja ya kuzungumzia roboti. Siungi mkono. Hoja hiyo inamhukumu mtoto wa Kilimanjaro asubiri mpaka matatizo yote ya chini yaishe ndipo afikiriwe kwa ya juu, na hakuna nchi iliyoendelea kwa mpangilio huo. Aliyekwisha kupata kolesteatoma hawezi kuponywa kwa utambi. Anahitaji kisu, na kisu hicho kinahitaji mkono wenye ujuzi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021, lilieleza kwamba takriban asilimia 78 ya nchi za kipato cha chini zina daktari bingwa wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja, na asilimia 93 zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa kiwango hichohicho. Upungufu wa aina hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuutaka uhandisi, mradi uhandisi uelekezwe kwenye upungufu wenyewe.

Hapa ndipo utafiti wa roboti za sikio unapoachana na masikio yetu. Roboti za Bern na Vanderbilt zilibuniwa kwa ajili ya kupandikiza kifaa cha koklea kwa mtu ambaye mfupa wake wa nyuma ya sikio ni mzima: una vyumba vingi vya hewa, mipaka yake inasomeka, na njia iliyonyooka inapatikana. Mfupa wa mtu aliyekaa na usaha tangu utotoni haufanani na huo. Vyumba vya hewa havikukua, au vimejaa. Mfupa umekuwa mgumu na mzito. Mshipa mkubwa wa damu unaweza kuwa umesogea mbele na utando wa ubongo umeshuka. Programu iliyofundishwa kwa mifupa mizima itazitafuta alama ambazo hazipo. Pia kazi yenyewe ni tofauti. Kupandikiza koklea ni kufika mahali pamoja kwa njia moja. Kuondoa kolesteatoma ni kufuata ugonjwa kila ulikojificha, na mipaka yake haionekani kikamilifu kwenye CT-Scan. Daktari huijua anapofika, kwa kuona na kwa kugusa. Mashine inayotoboa njia iliyopangwa asubuhi haiwezi kuifanya kazi hiyo. Vanderbilt walijaribu roboti inayofungwa kwenye fuvu na kuchimba eneo pana zaidi la mfupa, kazi iliyofika kwenye maabara na maiti. Hiyo iko karibu zaidi na haja yetu, lakini nayo ilifikiriwa kwa ajili ya kuufikia uvimbe wa neva ya usikivu kupitia mfupa mzima.

Kwa hiyo mtu akija na pendekezo la kuleta mashine nzima ya kupandikiza koklea Moshi, ningemuuliza kwanza kuhusu Muhimbili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, kwa mikono na hadubini. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikiwapeleka watoto India kwa gharama kubwa mno. Upasuaji ulipoanza kufanyika nchini gharama ilishuka sana, na watoto waliosubiri wakaanza kuhudumiwa. Kilichowezesha hatua hiyo ni madaktari waliofundishwa, wauguzi, wataalamu wa usikivu na uamuzi wa kununua vifaa. Kikwazo kinachobaki hakiko kwenye mtetemeko wa mkono wa daktari. Kiko kwenye bei ya kifaa chenyewe, na kwenye umri wa mtoto anapofikishwa. Koklea ya mtoto mchanga ina ukubwa wa ile ya mtu mzima tangu kuzaliwa, kwa hiyo upasuaji wa mapema unawezekana. Lakini ubongo una wakati wake wa kujifunza lugha ya sauti, na wakati huo haungoji. Mtoto anayegunduliwa kuwa kiziwi akiwa na miaka sita, kwa sababu alidhaniwa ni mkaidi au mchelewaji wa kusema, amepoteza kitu ambacho roboti yoyote haimrudishii.

Baada ya upasuaji kazi ndiyo kwanza huanza. Kifaa hurekebishwa mara kwa mara kwa kompyuta, mtoto hufundishwa kuzitambua sauti kwa miezi na miaka, betri hubadilishwa, sehemu ya nje hupotea mtoni au huingia mvua. Familia ya Marangu inayolazimika kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam kwa kila marekebisho itachoka. Mtaalamu wa usikivu mmoja wa ziada KCMC, mwenye vifaa vya kurekebisha vipandikizi na mashimesikio, angewafaa watoto hao kuliko mkono wa roboti, na ningependa wafadhili waelewe hivyo kabla ya kupiga picha za uzinduzi.

Ni vipande gani vya utafiti huu basi vinavyofaa kupandwa hapa? Cha kwanza ninachokiona ni endoskopi. Katika miaka ya karibuni madaktari wengi wameanza kuufanya upasuaji wa sikio kwa endoskopi nyembamba inayopitishwa kwenye tundu la sikio, bila kuufungua mfupa nyuma. Kamera na endoskopi ni nafuu kuliko hadubini kubwa, hubebeka, na picha huonekana kwenye skrini ili wanafunzi wote waone kinachofanyika. Ila daktari hubaki na mkono mmoja. Mmoja umeshika endoskopi, mwingine unakata, na damu ikitoka lazima aache kukata ili afyonze. Mkono wa kushika endoskopi ungemrudishia mkono wake wa pili, na ni mashine ndogo kuliko roboti ya kutoboa. Ina masharti yake magumu, nayo ndiyo yanayoifanya iwe kazi ya mhandisi na siyo ya mchomeleaji tu. Mwanga wa endoskopi huleta joto kwenye ncha, kwa hiyo ikiachwa imeganda karibu na sikio la ndani inaweza kuunguza. Mgonjwa akijitikisa ganzi inapopungua, mkono ulioganda utakuwa mkuki. Mkono huo lazima uachie wenyewe unaposukumwa, uhesabu muda, ujue joto. Hilo linaweza kubuniwa na kujaribiwa kaskazini mwa Tanzania.

Cha pili ni drili ya Birmingham, ile inayojua mfupa unakaribia kutoboka. Sehemu zake za msingi ni kihisi cha nguvu, kihisi cha msokoto na kompyuta ndogo ya kuzisoma alama hizo. Siyo lazima ianze kwa mgonjwa. Ianze kwenye mafunzo. Daktari anayesomea ubingwa anahitaji kuchimba mifupa mingi kabla ya kumgusa mtu, na mifupa ya binadamu ya kujifunzia ni adimu kila mahali. Kichwa cha kondoo kimetumika duniani kama mbadala wa kujifunzia upasuaji wa sikio, maana sikio lake la kati lina vifupa vinavyofanana na vyetu kwa kiasi cha kutosha. Moshi hakuna uhaba wa vichwa vya kondoo wala vya mbuzi. Wauza nyama wanavyo. Mwanafunzi akichimba kichwa cha kondoo kwa drili inayoandika nguvu aliyotumia, joto alilozalisha na sekunde aliyovuka mpaka, mwalimu wake ana kitu cha kumwonyesha zaidi ya kusema hapa ulibonyeza mno. Upimaji ndio urithi mkubwa wa utafiti wa roboti, na unaweza kutenganishwa na roboti yenyewe.

Watakaofanya kazi hizo wapo, na wengine wako umbali wa kutembea kwa miguu. Ndani ya eneo la KCMC kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili. Kimewafundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na vyeti vyake vinatambuliwa kimataifa. Ukiingia kwenye karakana ya namna hiyo utakuta watu wanaochukua vipimo vya kisigino cha mtu mmoja, wakamtengenezea kitu cha peke yake, wakakirekebisha mpaka kisimuumize. Hiyo ni nidhamu ileile iliyowafanya wahandisi wa Vanderbilt watengeneze fremu tofauti kwa kila fuvu. Arusha kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kinachofundisha uhandisi wa umeme na vifaa tiba, na kuna Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru kwa shahada za juu. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Teknolojia (DIT) na Muhimbili. Kinachokosekana ni meza moja ambapo daktari wa masikio anaketi na mhandisi kila wiki kuzungumza juu ya sikio lilelile.

Suala la matengenezo limeua miradi mingi iliyotangulia. Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye shirika aliloshiriki kulianzisha la Engineering World Health lilikuwa likiwaleta wanafunzi wa uhandisi kwenye hospitali za kaskazini mwa Tanzania, alichapisha na wenzake takwimu zinazopaswa kubandikwa kwenye kila ofisi inayopokea misaada. Takriban asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye uhaba vilikuwa havifanyi kazi. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2010 uliohusu hospitali 60, asilimia 66 ya vifaa vilivyoharibika viliweza kurudishwa kazini kwa ujuzi wa msingi, bila vipuri kutoka nje. Maana yake ni kwamba theluthi mbili ya vifaa vilivyolala stoo vilikuwa vikimsubiri fundi. Vipuri havikuwa tatizo. Roboti ya sikio ikija leo itaungana na vifaa hivyo siku ambayo mkataba wa matengenezo utaisha. Mashine ya Iowa ina shida nyingine: sehemu inayosukuma waya hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa. Kwa hospitali inayonunua vifaa kwa bajeti ya mwaka, kitu cha kutupwa kinachotoka kiwanda kimoja duniani ni deni la kudumu.

Moshi imewahi kuipokea teknolojia ya upasuaji kwa njia iliyokaa. Upasuaji wa matundu madogo, ule wa kamera tumboni, uliingia KCMC kwa ushirikiano na hospitali za Northumbria za Uingereza. Madaktari na wauguzi wa pande zote mbili walikwenda na kurudi kwa miaka mingi, wakafundishana, hata wakawa wanaelekezana kwa mbali kupitia mtandao. Wauguzi wa chumba cha upasuaji walijifunza kusafisha na kutunza vifaa sambamba na madaktari waliojifunza kuvitumia. Hayo ya wauguzi hayaandikwi sana, na bila wao kamera ya kwanza ingeharibika mapema. Kigali nako, mwaka 2023, kilifunguliwa kituo cha IRCAD Africa cha kufundishia upasuaji wa aina hiyo. Daktari wa Moshi anayetaka kushika mkono wa roboti hana tena ulazima wa kuvuka bahari.

Kuna watu wengine ambao mjadala huu huwasahau. Wilayani Mwanga, chini ya milima ya Upare, ipo shule ya viziwi ya Kanisa la Kilutheri iliyoanza mwaka 1981. Wanafunzi wake huzungumza kwa lugha ya alama, hucheka kwa lugha hiyo, hugombana kwa lugha hiyo. Wengi wao hakuna upasuaji utakaowafanya wasikie, na hawakai wakisubiri. Mhandisi anayesema kwamba mashine yake itaumaliza uziwi hawajui watu anaowazungumzia. Fedha za afya ya masikio zinapogawanywa, sehemu ya wakalimani wa lugha ya alama katika hospitali hizihizi isichukuliwe kuwa masalia baada ya mashine kununuliwa. Kiziwi mwenye jipu nyuma ya sikio anahitaji kumweleza daktari linauma wapi, sawa na mtu mwingine yeyote.

Linabaki jambo la picha, na hili lina haraka kuliko mengine. Programu za roboti hujifunza kutoka kwenye picha za CT-Scan ambazo wataalamu wamezichora neva, koklea na mishipa kwa mkono. Picha nyingi zilizotumika ni za wagonjwa wa Ulaya na Marekani waliopimwa kwa ajili ya kupandikiza koklea. Picha za masikio yaliyoharibiwa na usaha wa miaka, yenye mifupa migumu na alama zilizofutika, ziko kwenye kompyuta za hospitali kama KCMC. Hizo ndizo zitakazohitajika siku kampuni yoyote itakapotaka kutengeneza mashine ya kutibu ugonjwa huu, ambao una wagonjwa wengi kuliko uziwi unaotibiwa kwa kipandikizi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina taratibu za maadili ya utafiti. Hospitali inaweza kuamua sasa, kabla ya kuombwa: mgonjwa aombwe ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, majina yaondolewe, uchoraji wa neva ufanywe na madaktari wa hapa wanaosomea ubingwa, na atakayezitumia picha hizo aingie mkataba unaoirudishia hospitali haki ya kuitumia programu itakayozaliwa. Daktari anayezichora picha mia moja za mifupa ya nyuma ya sikio atakuwa amesoma mifupa mia moja, hata kama roboti haitafika kamwe.

Kazi hiyo inahitaji kompyuta, programu ambazo nyingine hupatikana bure, na saa za jioni za watu wachache waliolipwa kuzifanya. Inaweza kuanza mwaka huu.